Habari Hupita Njia ya Nani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usawa wa Habari Duniani

Mjadala huu unahusu nini hasa?

Unahusu njia na mwenye njia. Mchukue mhariri wa gazeti la Afrika Mashariki mwaka 1970. Jambo limetokea nchi jirani, mwendo wa basi wa usiku mmoja tu. Habari yake inamfikia kwa teleprinta kutoka London au Paris. Imeandikwa na mwandishi wa shirika la kigeni, ikapelekwa makao makuu, ikakatwa na mhariri wa huko ambaye msomaji wake ni wa Ulaya, ndipo ikarudishwa Afrika. Ikifika mezani, inamweleza jirani yake kama vile anaishi sayari nyingine. Huenda hakuna aliyedanganya popote katika safari hiyo. Lakini nani aliamua kwamba habari ile inafaa kusafiri, ipi iachwe, na neno lipi litumike, "mpigania uhuru" au "gaidi"?

Hilo ndilo swali lililogombanisha mataifa miaka ya 1970 na 1980, na leo limerudi likiwa na majina mapya.

Lilianza lini?

Mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Charles-Louis Havas alianzisha shirika lake Paris mwaka 1835, Bernhard Wolff akafuata Berlin mwaka 1849, na Paul Julius Reuter akafungua ofisi London mwaka 1851. Badala ya kugombania wateja, watatu hao waliona heri wapatane. Kwa mkataba wa 1870 waligawana dunia. Reuters ilipewa dola ya Uingereza na sehemu kubwa ya Mashariki ya Mbali. Havas ilichukua dola ya Ufaransa, nchi za Kilatini za Ulaya na Amerika Kusini, na Wolff ikabaki na Ujerumani, nchi za Skandinavia na Urusi. Shirika moja halikuruhusiwa kuuza habari katika eneo la mwenzake.

Angalia tarehe: hiyo ni miaka 14 kabla ya Mkutano wa Berlin uliokuja kuigawa Afrika. Habari ziligawanywa kabla ya ardhi.

Kweli Marekani nayo iliwahi kulalamika?

Ndiyo, na mimi naona hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote katika historia hii.

Katika mapatano yale shirika la Marekani, AP, lilikuwa mshirika mdogo. Halikuruhusiwa kuuza habari nje ya eneo lake, na dunia iliijua Marekani kwa yale ambayo Reuters na Havas zilichagua kuyasimulia. Kent Cooper, aliyekuwa meneja mkuu wa AP, alilipinga jambo hilo kwa miaka mingi. Alilalamika kwamba nchi yake inaonyeshwa nje kama nchi ya vita vya Wahindi Wekundu, ya watu weusi kunyongwa na magenge huko Kusini, na ya uhalifu wa ajabu ajabu. Mazuri yake hayasafiri. Mapatano hayo yalivunjika mwaka 1934.

Sasa chukua malalamiko ya Cooper, ufute "Marekani", uandike "Afrika" au "Amerika Kusini". Umepata, karibu neno kwa neno, hotuba za wajumbe wa nchi maskini miaka 40 baadaye. Safari hii aliyekuwa mlalamikaji alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, akiwaambia wenzake kwamba soko ni huru na asiyeridhika aanzishe shirika lake.

"Mtiririko huru wa habari" una ubaya gani?

Kwa maneno hauna ubaya wowote. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka mwaka 1946, katika azimio la 59, kwamba uhuru wa habari ni haki ya msingi ya binadamu. Kifungu cha 19 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka.

Kasoro iko kwenye miguu. Barabara ni huru kwa wote, ila mmoja ana lori na mwingine anatembea peku. Kufikia miaka ya 1960 mashirika makubwa ya Magharibi yalikuwa manne: AP na UPI za Marekani, Reuters ya Uingereza, na AFP ya Ufaransa iliyozaliwa mwaka 1944 kutokana na Havas. Lilikuwapo pia TASS la Umoja wa Kisovyeti, ambalo lilikuwa na shida zake. Nchi mpya ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa na kiti New York, lakini habari zake zote za nje ilizinunua kwa hao.

Mustapha Masmoudi wa Tunisia, aliyekuwa msemaji mkali wa hoja hii, alidai kwamba karibu asilimia 80 ya habari zinazozunguka duniani hutoka kwenye mashirika makubwa, na kwamba mashirika hayo huzipa nchi zinazoendelea asilimia 20 hadi 30 tu ya nafasi, ingawa huko ndiko wanakoishi karibu robo tatu ya wanadamu. Watafiti walibishana sana kuhusu hesabu zake. Mwelekeo wake haukupata mpinzani wa maana.

Nchi maskini zilidai nini?

Madai yalitoka kwenye mikutano ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, kuanzia ule wa Algiers wa 1973, yakapata umbo New Delhi na Colombo mwaka 1976. Yaliitwa Mfumo Mpya wa Kimataifa wa Habari na Mawasiliano. Kwa ufupi zilitaka habari ziende pande zote mbili, mitambo na mafunzo, nauli nafuu za kutuma habari kwa nyaya na setilaiti, na haki ya kusahihishwa habari ikipotoshwa.

Lilikuwapo dai moja zaidi ambalo lilisemwa kwa sauti ya chini: kwamba serikali ziwe na usemi kuhusu kinachoandikwa. Hapo ndipo maji yalipochafuka.

Kwa nini Nairobi hutajwa sana katika historia hii?

Kwa sababu Mkutano Mkuu wa UNESCO ulifanyika hapo mwishoni mwa 1976, na mezani paliwekwa rasimu iliyoungwa mkono na Umoja wa Kisovyeti. Kifungu chake cha 12 kilitaka dola ziwajibike kwa kazi za kimataifa za vyombo vyote vya habari vilivyo chini ya mamlaka yao. Soma tena polepole. Ukiiwajibisha serikali kwa kila anachoandika mwandishi, umeipa sababu ya kumsimamia kila mwandishi.

Wajumbe wa Magharibi walikataa katakata, na Waafrika wengi hawakutaka mkutano wa kwanza wa namna hiyo katika ardhi yao uvunjike. Mkurugenzi Mkuu, Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, alipata upenyo: rasimu iahirishwe, na tume iundwe kuchunguza suala zima. Tamko lililopitishwa Paris mwaka 1978 lilikuwa limeng'olewa meno.

Tume ya MacBride ilikuwa na nani?

Hii ndiyo tume iliyozaliwa Nairobi: watu 16 chini ya Seán MacBride wa Ayalandi, mshindi wa Nobeli ya Amani ya 1974 ambaye pia alipewa tuzo ya amani ya Lenin. Walikuwamo Gabriel García Márquez wa Kolombia, Hubert Beuve-Méry aliyeanzisha gazeti la Le Monde, Masmoudi mwenyewe, Elie Abel wa Marekani, na Mochtar Lubis, mhariri wa Indonesia aliyewahi kufungwa jela na serikali yake kwa kuandika. Mseto wa namna hiyo hauwezi kukubaliana kirahisi, na haukukubaliana. Ripoti ilifikishwa kwenye mkutano wa UNESCO huko Belgrade mwaka 1980 ikiwa na tanbihi za wajumbe waliopinga hiki na kile.

Ni kweli ripoti ilipendekeza waandishi wapewe leseni na serikali?

Hapana. Uvumi huu umeishi muda mrefu kuliko ripoti yenyewe. Tume ililaani udhibiti wa habari, na ilikataa wazo la kuwapa waandishi ulinzi maalumu, kwa hoja kwamba anayekulinda atataka kwanza kujua wewe ni nani, na kitambulisho chake kitageuka leseni.

Ila nisiwatetee wote. Kati ya serikali zilizopiga makofi Belgrade, zipo ambazo nyumbani kwao mhariri alikuwa akipigiwa simu na ofisi ya waziri kabla gazeti halijaenda mitamboni. Zilidai sauti kwa niaba ya watu ambao zenyewe zilikuwa zimewaziba midomo. Unafiki huo ndio ulioziponza. Wamiliki wa magazeti na mashirika ya Magharibi walipokutana Talloires, Ufaransa, Mei 1981, kutoa tamko lao la kupinga, hawakuhitaji kutafuta mifano kwa tochi. Kwamba wao wenyewe walikuwa wanalinda biashara, hilo lilisahaulika katika kelele.

Marekebisho ya kutoka ndani yalikuja mwaka 1991, waandishi wa Afrika walipokutana Windhoek, Namibia, na kutamka kwamba vyombo vya habari viwe huru dhidi ya serikali na visihodhiwe na mtu au kundi moja. Tarehe ya tamko hilo, 3 Mei, ndiyo leo Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Kwangu mimi Windhoek ilisema kwa kurasa chache kile ambacho Belgrade ilishindwa kukisema kwa mamia.

Kwa nini Marekani na Uingereza zilijitoa UNESCO?

Marekani iliondoka mwisho wa 1984 na fungu lake la robo ya bajeti. Uingereza ikafuata mwaka 1985, pamoja na Singapore. Sababu zilizotajwa ni siasa kuingizwa katika shirika, uongozi mbovu na matumizi. Ugomvi wa habari ulikuwa ndani ya "siasa" hizo. Uingereza ilirudi 1997 na Marekani 2003. Marekani ilitoka tena 2018 na kurudi 2023, kwa ugomvi mwingine kabisa.

Mfumo Mpya wenyewe ulizikwa kimyakimya. Kufikia 1989 UNESCO ilikuwa na mkakati mwingine, na maneno yale hayakutamkwa tena kwenye korido zake.

Mbona nchi hizo hazikuanzisha mashirika yao?

Zilianzisha. Mwaka 1975 shirika la Tanjug la Yugoslavia lilianza kukusanya na kusambaza habari za mashirika ya Nchi Zisizofungamana. Mwaka 1983 PANA, shirika la habari la Afrika nzima, lilianza kazi Dakar.

Ujiweke kwenye kiti cha mhariri wa zamu, saa tatu usiku, ukurasa wa nje una tundu. Upande mmoja pana habari ya AFP: mapinduzi yameshindwa, waliokamatwa ni wangapi, uwanja wa ndege umefungwa. Upande wa pili pana habari ya shirika la serikali husika: Mheshimiwa Rais amepokea hati za utambulisho za mabalozi wawili na kusifu uhusiano mwema. Utachapa ipi? Hata wahariri waliouamini Mfumo Mpya kwa moyo wote walichapa ya AFP.

PANA iliumizwa pia na michango. Nchi wanachama ziliahidi zikiwa mkutanoni na kusahau zikishapanda ndege. Mwaka 1997 iligeuzwa kampuni, Panapress.

Setilaiti zinaingiaje hapa?

Setilaiti ya mawasiliano inayoonekana kusimama mahali pamoja angani huwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Nafasi ni chache, na desturi ilikuwa anayewahi ndiye anayepata. Desemba 1976 nchi nane za ikweta zilitia saini Azimio la Bogotá na kudai kwamba njia hiyo ya angani ni mali yao. Kenya na Uganda zilikuwamo. Dai lenyewe halikukubaliwa, lakini kelele zilisaidia: mikutano ya shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, ya 1985 na 1988 iliikatia kila nchi walau nafasi moja, hata kama haina chombo cha kuirushia.

Ardhini hali ilikuwa mbaya zaidi. Tume ya Maitland, iliyoundwa na ITU kuchunguza hali ya simu duniani, ilieleza mwishoni mwa 1984 kwamba jiji la Tokyo peke yake lina simu nyingi kuliko bara zima la Afrika.

Afrika inaonyeshwa kwa njaa na vita tu. Ni ubaguzi?

Upo, lakini si wote. Mwaka 1965 Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge walichunguza jinsi magazeti ya Norway yalivyoandika migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Waliona kwamba tukio hupita mlangoni likiwa la ghafla, kubwa, baya, na likihusu mataifa au watu wakubwa. Nchi iliyo mbali inahitaji kuwa na jambo baya zaidi ili ionekane. Mfumo huo unamwonea mtu wa mbali bila mhariri kumchukia.

Jaribu mwenyewe: tazama gazeti lako linavyoandika kuhusu Bolivia au Nepal. Kama si ajali ya ndege au tetemeko, hazipo.

Intaneti si imemaliza haya yote?

Ilibadilisha mwenye njia. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikashuka tena Nairobi. Nchi ililipia safari zote mbili kwa fedha za kigeni. Watoa huduma wa Kenya waliungana mwaka 2000 wakafungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili ya nyumbani yabaki nyumbani. Kabla mwaka haujaisha kilifungwa na mdhibiti, kwa malalamiko ya kampuni ya simu ya taifa iliyokuwa na ukiritimba wa kupeleka mawasiliano nje. Kilifunguliwa tena 2002. Kwa hiyo safari hii aliyeziba njia hakuwa mkoloni.

Mikongo ya baharini ilifika Afrika Mashariki mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, kisha EASSy 2010. Mei 2024 miwili kati ya hiyo ilipokatika baharini, intaneti ya nchi kadhaa za ukanda huu ilikwenda kwa kuchechemea. Mikongo mipya mikubwa sasa wanaiweka wenye majukwaa: Equiano ni ya Google, na Meta, mwenye Facebook, imo katika 2Africa wenye urefu wa kilomita zipatazo 45,000. Cooper angeshangaa. Wakati wake, aliyekuwa na habari angalau alilazimika kukodi waya wa mwingine.

Je, majukwaa yavilipe vyombo vya habari?

Australia ilisema ndiyo kwa sheria ya 2021, na kampuni zikaingia mikataba baada ya Facebook kuzima habari nchini humo kwa siku chache. Kanada iliiga 2023. Meta ikaondoa habari kwenye majukwaa yake huko kuanzia Agosti mwaka huo. Nchi tajiri, mwanachama wa G7, imeshindwa kumlazimisha mwenye jukwaa. Nchi ndogo ikijaribu peke yake, naona matokeo yake yanajulikana kabla ya kuanza. Zikiungana, labda.

Na Al Jazeera, CGTN, Telesur? Sauti si zimekuwa nyingi?

Zimekuwa nyingi, kila moja na mfadhili wake. Al Jazeera ilianza 1996 kwa fedha za Qatar, Telesur 2005 kwa msukumo wa Venezuela, na televisheni ya taifa ya China, ambayo matangazo yake ya nje sasa huitwa CGTN, ilifungua kituo chake cha Afrika jijini Nairobi mwaka 2012. Mtazamaji amepata chaguo, na hilo si dogo. Habari za Afrika zinazolipiwa na Waafrika wenyewe bado ni chache.

Kiswahili kiko wapi katika haya?

Kwa miaka mingi msikilizaji wa Kiswahili amepata dunia kupitia BBC tangu 1957, Sauti ya Amerika tangu 1962 na Deutsche Welle tangu 1963. Watangazaji wake wengi ni wa kwetu, na kazi yao ni nzuri. Ila mfereji una mwenyewe. Machi 2025 amri moja ya Ikulu ya Marekani ilitosha kunyamazisha sehemu kubwa ya matangazo ya Sauti ya Amerika. Hakuna msikilizaji aliyeulizwa.

Akili mnemba imeongeza tabaka lingine. Inafundishwa kwa maandishi ya mtandaoni, na huko Kiingereza kimeziacha lugha nyingine mbali sana. Kazi ya kutazama picha za kutisha ili majukwaa yabaki safi, hiyo imefika Afrika haraka. Vijana walioifanya Nairobi walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo.

Nitajuaje habari ninayosoma imetoka kwa nani?

Anza na mstari wa kwanza au wa mwisho. Herufi kama AFP, AP au Reuters zinaonyesha aliyeiuza. Kisha tazama mji ulioandikwa mwanzoni: habari ya Goma yenye "Paris" juu yake iliandikwa mezani. Hesabu waliozungumza, na uone mwanakijiji amenukuliwa au amehesabiwa tu miongoni mwa waliokufa. Halafu tafuta tukio hilohilo katika chombo cha nchi lilikotokea. Usipolikuta, uliza kama ni kwa sababu halikuwa kubwa huko, au kwa sababu huko halisemeki.